Maji Tuliyoyakana

*Risala ya wakazi wa chini ya tuta, inayosomwa na katibu wao siku ya kukabidhiwa bwawa baada ya ukarabati*

Mgeni rasmi,
viongozi mlioongozana naye,
mhandisi mkuu, mkandarasi na mafundi wenu,
majirani na ndugu zetu mlioketi juani kwa sababu turubai halikutosha,

Ukaribisho

Karibu sana kwetu. Tunajua kwamba kabla yetu umesikiliza hotuba nne, na kwamba baada yetu kuna chakula kinachopoa. Tutajitahidi. Nakala ya risala tuliyoipeleka ofisini wiki iliyopita ili ikaguliwe ilikuwa na kurasa mbili, na ndani yake hamkuwa na kitu ila shukrani. Hii tunayoisoma ni ndefu kuliko ile. Utusamehe kwa hilo, na usimlaumu karani aliyeikagua, maana alikagua alicholetewa.

Tutaanza na tunachokitaka, kwa sababu tumechoka, na aliyechoka hana nguvu za kuzunguka. Kwenye meza iliyo mbele yako, chini ya kitambaa cha buluu, kuna hati ya makabidhiano. Ukimaliza kutusikiliza utaitia saini. Ukiitia saini kama ilivyo, faili la tathmini ya athari kwa mazingira na jamii linafungwa leo, na Jumatatu fundi anakuja kuziba kwa zege paipu moja ya inchi mbili iliyoachwa chini ya tuta. Tunaomba faili hilo lisifungwe. Ni hilo tu. Mengine yote yanayofuata ni kukueleza kwa nini, na kukiri kwamba kosa ni letu.

Historia fupi, ambayo haitakuwa fupi sana

Bwawa hili ni kongwe kuliko wengi wetu. Tumezaliwa tukiliona tuta lake dirishani, kama jirani mnene asiyejibu salamu. Miaka thelathini na miwili iliyopita, upande wa kushoto, chini kabisa kwenye unyayo wa tuta, majani yalianza kubaki mabichi wakati wa kiangazi. Mwaka uliofuata pakawa na tope. Kisha maji yakatoka, membamba, ya baridi, safi, bila kelele. Wataalamu wa wakati ule walikuja, wakachutama, wakatikisa vichwa, wakasimika kibao: ni marufuku kuchota, kufua, kulima au kuchimba ndani ya mita mia mbili. Wakaondoka, kibao kikabaki.

Maji yale tuliyaita Mvujo. Sisi si watu wa kudharau vibao, lakini pia ni watu wenye kiu. Wa kwanza kuweka jiwe la kufulia pale alikuwa dobi mmoja, mjane, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Povu. Jina hilo amelipata kwa kazi yake na analiitikia bila kinyongo. Wakati ule alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo leo ni baba wa watu, na mke wake, mkwe wa Mama Povu, ndiye anayewafundisha watoto wetu kusoma. Ada, madaftari, bati la nyumba, vyote vilipita kwenye jiwe lile.

Baada yake tukaja sisi. Wauza miche wakatengeneza matuta yao. Waosha pikipiki wakaweka ubao wao. Wafyatua matofali, wakiongozwa na mtu ambaye leo ndiye mwenyekiti wetu na ambaye tunamwita Tanuri, wakachimba udongo wao karibu na unyayo wa tuta, karibu kuliko tunavyopenda kukumbuka. Kila kiangazi tuliupanua mfereji kwa majembe ili maji yatufikie vizuri. Hatukuwahi kukaa kikao kuhusu jambo hilo. Lilikuwa linafanyika tu.

Kuna na bomba la mtaa, tusije tukaonekana hatuna fadhila. Lilizinduliwa na mgeni rasmi mwingine, naye tulimsomea risala kama hii. Lilitoa maji siku ile, likatoa na kesho yake. Tangu hapo limekuwa likikohoa.

Mafanikio

Mgeni rasmi, hatukuja hapa kulitukana bwawa wala waliolitengeneza. Kabla ya ukarabati tulikuwa tunalala roho mkononi. Mvua zikizidi, kina mama walifunga nguo za watoto kwenye mabunda na kuyaweka mlangoni. Mhandisi alituchukua siku moja, akatuonyesha kwa ncha ya fimbo jinsi yale maji yetu mazuri yalivyokuwa yanalila tuta kwa ndani, chembe kwa chembe, na kwamba siku moja tuta lote lingetushukia. Leo tuta limesindiliwa saruji hadi ndani, mlango wa kumwagia maji ya ziada umepanuliwa, king'ora kimefungwa, na hata watoto wadogo wanajua njia ya kukimbilia. Tunawashukuru mafundi kwa moyo mmoja. Hatuombi tuta livuje tena.

Na tathmini yenyewe tunaishukuru. Wale watu walipokuja kuuliza kama kuna makaburi kwenye kilima kilichopangwa kuchimbwa udongo, tuliwapeleka tukawaonyesha kumi na moja. Matatu kati ya hayo hayana alama yoyote isipokuwa kumbukumbu ya shangazi mmoja mwenye miguu mibovu, ambaye vijana walimbeba kwenye kiti hadi juu, naye akawa anaelekeza kwa kidole na kuwagombeza wasimtikise. Binti mmoja kati yao, aliyebeba madodoso, aliandika. Mkandarasi akahamia kilima kingine, na greda halikugusa hata jiwe moja. Shangazi yule akiulizwa tathmini ni kitu gani, anasema ni mtu kukuuliza kabla hajachimba. Kitabu chao kina kurasa mia tatu na sisi hatujakuta ndani yake maelezo yanayoshinda hayo.

Tunalitaja hili ili ujue kwamba hatukuwa wajinga. Tulipoulizwa juu ya wafu wetu tulisema kweli, na kweli yetu ikasikilizwa. Tulipoulizwa juu ya maji tukadanganya.

Siku ya madodoso

Habari zilitangulia kwamba watu wa tathmini watapita nyumba kwa nyumba wakiwa na karatasi za maswali, na kwamba swali la kumi na moja linasema: chanzo kikuu cha maji ya kaya hii ni kipi? Tukaangaliana. Kila mmoja alikikumbuka kibao, na kila mmoja alilikumbuka jembe lake. Yakazuka na maneno, ambayo mpaka leo hakuna anayekubali kuwa ndiye aliyeyaanzisha, kwamba atakayekiri kutumia Mvujo ataandikwa kuwa ndiye aliyelitoboa tuta, na nyumba yake itavunjwa.

Jumamosi asubuhi tukakutana kwenye banda la matofali. Mwenyekiti akasema, "Jibu ni moja kwa wote. Bomba."

"Na wakitaka kuliona hilo bomba?" akauliza muuza miche.

"Waonyeshwe. Si lipo?"

"Lipo, lakini limekauka, mwenyekiti. Hata chini yake pamejaa vumbi."

Mwenyekiti akafikiri. "Basi tulilowanishe," akasema.

Na tukalilowanisha, mgeni rasmi. Jumatatu alfajiri tulichota ndoo arobaini kutoka Mvujo, tukazipanga foleni mbele ya bomba, na mwenyekiti kwa mkono wake mwenyewe akamwaga mbili chini ya koki ili pawe na tope. Watoto wakaambiwa warukeruke pale, ionekane panakanyagwa. Hiyo ndiyo siku pekee tuliyowahi kufanya kazi sote kwa pamoja bila mtu hata mmoja kuchelewa. Sehemu hii mwenyekiti ameomba isomwe yote, isipunguzwe hata neno.

Mama Povu hakuwapo kwenye kikao. Aliitwa, akasema ana ovaroli thelathini za mafundi wa bwawa na jua ni la leo. Kwa hiyo hakujua tulichokubaliana. Wanaomfahamu wanasema hata angejua ingekuwa yale yale.

Binti wa madodoso alianza nyumba za mbele. Kufika saa sita alikuwa ameshaambiwa "bomba" mara nyingi kiasi kwamba alikuwa analiandika kabla hajajibiwa. Alipelekwa kwenye bomba, akaona ndoo, akaona tope, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nyumba ya mwisho, iliyo karibu kabisa na tuta, aliikuta imefungwa. Akasikia nguo zinapigwa kwenye jiwe, akaifuata ile sauti. Alimkuta Mama Povu, kama tulivyokuja kusimuliwa na mkwe wake baadaye sana, ndani ya Mvujo, maji yamempita vifundoni, na ovaroli zimetandazwa kichakani mikono wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kwenye jiwe, lile kavu. Umezunguka sana leo?"

"Sana. Ila nina maswali yangu, kama una nafasi."

"Wewe uliza. Kazi inataka mikono, masikio yako huru."

Akaulizwa umri, akasema anaukadiria. Akaulizwa wanaomtegemea, akawataja. Wakafika la kumi na moja.

"Chanzo kikuu cha maji ya kaya yako ni kipi, mama?"

Mama Povu akaacha kukamua. "Mwanangu," akasema, "unaniuliza maji nayatoa wapi na mimi nimesimama ndani yake?"

Binti akacheka hadi karatasi ikataka kumponyoka. "Lazima niulize, mama. Ndivyo tulivyoagizwa."

"Basi andika. Ni haya hapa."

"Mbona wenzako wote wameniambia bomba?"

Mama Povu akatazama njia inayokwenda mtaani. Ilikuwa imelowa tangu mfereji hadi kwenye kona, na nyayo za watu waliobeba uzito zilikuwa zimejaa, kubwa na ndogo, zote zikielekea upande mmoja. Akaelewa. Akamtazama binti, akaona kwamba yeye hajaelewa. Wale waliolowanisha njia walikuwa majirani zake wa miaka thelathini.

"Mimi nimejibu la kwangu," akasema. "La wenzangu kawaulize wenyewe. Ila ukiweza, waulize mara ya pili."

Binti alikuwa na mtaa mwingine wa kumaliza siku hiyo. Hakurudi.

Sisi habari zilitufikia nusu nusu, kwamba Mama Povu kasema. Hatukuuliza kasema nini. Tukalibadilisha jina lake tukamwita Shahidi, na mawe ya karibu na jiwe lake yakabaki matupu. Waliokuwa wakimpa nguo wakaanza kufua wenyewe. Alipofiwa na dada yake tulikwenda watu wanne, na wawili kati yetu tulikuwa tumeitwa kuchimba kaburi. Hili tunalisema kwa aibu, hatuna namna ya kulipamba.

Mkwe wake alimwuliza siku moja, "Mama, kwa nini usiwaambie tu kwamba hukuwataja?"

"Nikienda kuwaambia nitaonekana naomba msamaha," akajibu. "Na mimi sijakosa." Akaendelea kuwakopesha sabuni wale wale waliokuwa hawamsalimii.

Changamoto

Mvujo ulikauka siku ya Alhamisi. Aliyeona kwanza ni yeye. Alikuwa ameshapaka sabuni nguo zote na alikuwa hajasuuza hata moja. Maji yakashuka chini ya vifundo, yakashuka yakafika kwenye kokoto, yakawa madimbwi, na madimbwi yakaanza kuachana. Alisimama pale na ovaroli mkononi mpaka povu likamkaukia kwenye mikono, likawa linavuta ngozi. Kisha akazikusanya nguo zikiwa na sabuni yake, nzito vile vile, akazibeba kichwani akarudi nazo nyumbani. Ndipo mtaa ulipojua kwamba saruji imefika mahali pake.

Miche ilikufa ndani ya wiki mbili. Matofali yakasimama. Waosha pikipiki wakahamia mjini, na wawili kati yao hatujawasikia tena. Upande wa juu wa bwawa kuna uzio na mlinzi, na ni haki yake kutufukuza. Sasa maji tunayafuata mtoni, chini ya kona, mwendo wa saa moja kwenda na zaidi ya saa moja kurudi kwa sababu ya mzigo. Mama Povu huenda mara mbili kwa siku, moja kwa ajili ya nyumba na moja kwa ajili ya nguo za watu wachache waliobaki. Bega lake la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, anayeukadiria umri wake.

Tukaenda ofisi ya mradi, watu sita, mwenyekiti akiwa mbele. Ofisa wa mazingira alitupokea vizuri, akatuletea viti, akafungua kile kitabu kinene.

"Kaya mia mbili na kumi na nne," akasoma. "Kaya mia mbili na kumi na tatu zinategemea bomba la mtaa. Hapa kuna saini zenu. Hapa kuna madole gumba. Mzee, hii si saini yako?"

"Ni yangu," mwenyekiti akasema. "Lakini tulisema vile kwa sababu ya kibao."

"Kibao gani?"

Tukamweleza. Tukamweleza na ndoo, na tope, na watoto. Ofisa akavua miwani, akafunga macho kwa muda, tukadhani analia. Alikuwa amechoka tu, kama sisi.

"Kile kibao kilikuwa cha kuwalinda," akasema. "Na maswali yale pia yalikuwa ya kuwalinda. Sasa mimi nifanye nini na kaya mia mbili na kumi na tatu zenye bomba?" Kisha akageuza ukurasa. "Lakini kuna hii moja. Ukurasa wa mia moja arobaini na tatu. 'Kaya moja inategemea maji yanayovuja kwa shughuli zote. Inapendekezwa paipu yenye koki iachwe chini ya tuta, na utegemezi upimwe upya kabla ya kazi kukabidhiwa.' Huyu mmoja ni nani?"

Tulikuwa sita mle ndani, na kila mmoja alimjua. Mwenyekiti alikuwa anatazama saini yake.

"Ni mimi," sauti ikasema mlangoni.

Mama Povu alikuwa ameleta nguo za ofisi, zimepigwa pasi, zimefungwa kwenye shuka. Hakuna ajuaye alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Ni mimi," akarudia, akaweka bunda juu ya meza. "Na hawa wote wanayatumia. Siku ile sikusema kwa sababu hayakuwa maneno yangu kuyasema. Leo wamekuja wenyewe."

Ofisa akaugeuza ukurasa kumwelekea. "Mama," akamwambia, "kwa jibu lako moja, paipu imewekwa. Ipo chini ya tuta, upande wa kushoto, imefungwa kwa kufuli."

Kumbe ipo. Mhandisi baadaye alituthibitishia kwamba ile paipu inapitisha maji kwa kipimo, kupitia kokoto na chujio, na hailili tuta hata punje moja. Ilijengwa kwa sababu ya mstari mmoja katika kitabu, na mstari uliandikwa kwa sababu ya mwanamke mmoja aliyekuwa ndani ya maji. Lakini kuifungua kunahitaji upimaji mpya. Kwa kaya moja haifunguliwi. Kwa kaya mia mbili lazima ifunguliwe. Na neno la mlangoni, ofisa akasema, si upimaji. Ni lazima watu warudi na karatasi, nyumba kwa nyumba, kabla ya makabidhiano.

Ofisa yule alihamishwa mwezi uliofuata. Tukaandika barua, tukaandika nyingine, tukaandika ya tatu tukaipeleka kwa mkono. Jibu tulilopata lina mstari mmoja: takwimu za tathmini zilithibitishwa na wananchi wenyewe. Ni kweli. Zilithibitishwa na sisi wenyewe.

Ombi

Mgeni rasmi, tumefika mwisho na tunaona mhandisi anatazama saa.

Hatuombi kisima wala bomba jipya. Hatuombi kitu cha kuzinduliwa, maana vya kuzinduliwa tumeshavizindua. Tunaomba kwamba kabla ya kutia saini uagize liongezwe neno moja kwenye hati, kwamba upimaji ule ulioandikwa ukurasa wa mia moja arobaini na tatu ufanyike kwanza, na paipu isizibwe mpaka uwe umefanyika.

Sisi tulidhani tathmini ni mtihani. Tukatafuta jibu la kupasia, tukaliibia, tukalipeana. Hatukujua kwamba yule binti mwenye viatu vya vumbi alikuwa anatuuliza tutaishije baada ya yeye kuondoka. Saruji ikishaingia tuta limeshaziba, lakini kile kitabu kinaendelea kufanya kazi. Kilituwekea paipu wakati sisi wenyewe tulikuwa tumejifungia. Ndiyo maana tunasema kisifungwe mapema. Mradi umekwisha, na sisi bado tunaishi hapa.

Wiki iliyopita wanawake watatu walitumwa kwa Mama Povu kumwomba radhi kwa niaba ya mtaa. Aliwakaribisha, akawapa maji ya kunywa, na wao wakijua yametoka wapi na yamebebwa na bega gani, yakawashinda kumeza.

"Mimi si ofisi," akawaambia. "Kama mlikosea, kasahihisheni kule kulikoandikwa."

Ndiyo sababu ya risala hii. Tumepiga moyo konde tukaiandika upya, na tumeisoma mbele ya majirani, mbele ya mafundi tuliowadanganya, na mbele ya watoto tuliowaambia warukeruke.

Tunakutakia afya njema, mgeni rasmi, na safari ya salama kurudi kwako. Mafundi waliolijenga upya tuta hili, Mungu awape nguvu na awarudishe kwa familia zao. Wazee wetu walioko kule kilimani waendelee kupumzika bila kusumbuliwa.

Tumeambiwa kwamba maneno ya risala nayo si upimaji. Tunakubali. Lakini ofisa mpya wa mazingira yuko hapa, mstari wa pili, ana daftari, na tunamwomba ahesabu. Kwa ruhusa yako, kila mkuu wa kaya aliyejibu "bomba" anasimama sasa. Mwenyekiti anaanza. Wa mtaa wa juu wanafuata, kisha wa karibu na tanuri la matofali, kisha wa njia ya mtoni. Wanaoketi juani nao wanasimama. Shangazi hawezi kusimama, atainua mkono, naye ahesabiwe.

Ukitazama mstari wa mbele utaona mwanamke mmoja amebaki kwenye kiti. Huyo hakudanganya. Tafadhali asiombwe kusimama. Zamu hii ni yetu.

Ni sisi,
Wakazi wa chini ya tuta,
kaya mia mbili na kumi na tatu